Kabla ya MTV palikuwa na Russell Mulcahy

KAMPUNI ya Paramount ya Marekani ilitangaza Oktoba 2025 kwamba chaneli tano za muziki zenye jina la MTV zingezimwa nchini Uingereza ifikapo Desemba 31 mwaka huo. Chaneli hizo zilikuwa MTV Music, MTV 80s, MTV 90s, Club MTV na MTV Live. Chaneli mama iliachwa hewani, lakini hiyo kwa miaka mingi imekuwa ikijaza muda wake kwa vipindi vya maisha ya watu maarufu na vituko vya vijana kuliko kwa nyimbo.

Habari hizo zilipokewa na wapenzi wengi wa muziki mithili ya taarifa ya msiba. Yaliandikwa maneno mengi ya kuomboleza, na karibu yote yalijengwa juu ya dhana moja: kwamba video ya muziki ilizaliwa na MTV, ikalelewa na MTV, na kwa hiyo inazikwa pamoja na chaneli zake.

Dhana hiyo haina ukweli. Anayetaka kuupima uwongo wake hana haja ya kwenda mbali. Achukue video ya kwanza kabisa iliyorushwa na MTV, usiku wa kuamkia Agosti 1, 1981, kisha aulize ilitengenezwa lini na nani. Atakuta kwamba video hiyo, ya wimbo "Video Killed the Radio Star" wa kundi la The Buggles la Uingereza, ilikwisha kupigwa picha mwaka 1979, takriban miaka miwili kabla ya kituo hicho kuzaliwa. Na atakuta kwamba aliyeiongoza, Mwaustralia Russell Mulcahy, alikuwa tayari ameifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa.

Makala haya yanaitazama miaka ya mwanzo ya mwongozaji huyo, tangu chumba cha habari cha televisheni mjini Sydney hadi mwaka 1986 alipotoa filamu iliyompa jina katika majumba ya sinema. Sababu ya kuitazama ni kwamba ndani yake mna jibu la swali linalowahusu vijana wengi wanaoshika kamera leo mijini mwetu: kinachomtengeneza mwongozaji ni nini, na baada ya kutengenezwa, analipwa na nani?

Shule ya mkasi

Mulcahy alizaliwa mwaka 1953 na kukulia Wollongong, mji wa makaa ya mawe na chuma ulioko kusini mwa Sydney. Hakuanza kama mtu wa muziki. Kazi yake ya awali ilikuwa ya uhariri wa picha katika idara ya habari ya Channel Seven mjini Sydney, huku akitengeneza filamu zake fupi kwa muda wake wa ziada.

Msomaji anayefahamu televisheni ya leo yampasa kukumbuka jinsi kazi hiyo ilivyokuwa wakati ule. Habari zilipigwa kwenye mikanda ya filamu. Mkanda ukifika kutoka mtaani husafishwa kwa dawa, kisha mhariri huukata kwa mkono na kuunganisha vipande kwa gundi au utepe, akifukuzana na saa ya taarifa. Tukio la saa nzima hufupishwa kuwa la dakika moja, na dakika hiyo lazima ieleweke. Mhariri wa namna hiyo hujifunza kwa lazima mambo mawili: kwamba jicho la mtazamaji ni jepesi kuliko tunavyolidhania, na kwamba picha mbili zisizohusiana zikiwekwa pamoja huzaa maana ya tatu.

Hizo ndizo silaha alizotoka nazo. Watu walioziona video zake za baadaye na kushangazwa na kasi ya ukataji wake walidhani ni ufundi uliobuniwa kwa ajili ya muziki. Lakini kasi hiyo ni tabia ya mhariri wa habari aliyepewa wimbo badala ya taarifa ya ajali.

Mazingira nayo yalimsaidia. Australia iko mbali na London na New York, na katika miaka ya 1970 wanamuziki wakubwa hawakuwa wakifika huko mara kwa mara. Shirika la utangazaji la taifa, ABC, lilianzisha Novemba 1974 kipindi cha muziki kilichoitwa Countdown, na miezi michache baadaye, Machi 1975, televisheni ya rangi ikaanza rasmi nchini humo. Kipindi kikawa na njaa ya picha. Msanii wa ng'ambo asiyeweza kusafiri alituma filamu, na msanii wa nyumbani aliyetaka kushindana naye alihitaji filamu yake pia.

Hapo ndipo kijana wa chumba cha habari alipopata soko. Alianza kutengeneza filamu fupi za nyimbo kwa makundi ya huko, kama vile Stylus na Dragon. Fedha zilikuwa kidogo na muda ulikuwa mfupi, lakini alilipwa, na kosa la leo liliweza kusahihishwa katika kazi ya kesho. Hiyo ndiyo maana halisi ya uanagenzi.

Hakuwa wa kwanza

Haki itendeke kwa waliomtangulia. The Beatles walikuwa wamekwisha kutuma filamu za nyimbo zao kwenye vituo vya televisheni mwaka 1966, zikiongozwa na Michael Lindsay-Hogg, kwa sababu walichoka kuzunguka kila studio. Na mwaka 1975 kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, lilitoa video ya "Bohemian Rhapsody" iliyoongozwa na Bruce Gowers. Video hiyo ilipigwa picha kwa saa chache tu katika studio za Elstree, nje kidogo ya London, na gharama yake hutajwa kuwa takriban pauni 4,500.

Video ya Queen ilizifunza kampuni za kurekodi muziki somo la biashara: picha inaweza kuuza wimbo hata mahali ambapo msanii hajakanyaga. Kuanzia hapo kampuni za London zikaanza kutenga fungu kwa ajili ya filamu za matangazo ya nyimbo. Fungu lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilikuwapo, na lilihitaji mafundi.

Mulcahy alihamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, akikuta mlango huo umefunguliwa nusu. Mwaka 1979 aliongoza video ya wimbo "Making Plans for Nigel" wa kundi la XTC, na mwaka huohuo akapewa kazi ya The Buggles, kundi la watu wawili, Trevor Horn na Geoff Downes, ambao wimbo wao ulifika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza Oktoba 1979.

Video yenyewe ilipigwa kwa siku moja kusini mwa London. Ndani yake kuna msichana anayechezea redio ya kale, rundo la runinga zinazochomoza kutoka ardhini, mwanamke aliyevaa mavazi ya kumetameta ndani ya bomba kubwa linalopitisha mwanga, na kijana mmoja anayepiga kinanda ambaye wakati huo hakuna aliyemjua. Kijana huyo ni Hans Zimmer, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa watunzi mashuhuri wa muziki wa filamu huko Hollywood.

Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba Mulcahy hakuwapiga picha wanamuziki wakiwa jukwaani tu, kama ilivyokuwa desturi. Alijenga dunia ndogo yenye kisa chake, akawaingiza wanamuziki ndani yake kama wahusika. Mtazamaji aliyezima sauti bado angekuwa na kitu cha kutazama. Hatua hiyo inaonekana ya kawaida leo. Mwaka 1979 haikuwa ya kawaida hata kidogo.

Vienna kwa fedha za wanamuziki

Mfano unaoeleza vizuri zaidi hali ya biashara hiyo kabla ya MTV ni video ya "Vienna" ya kundi la Ultravox, iliyotoka mwaka 1981. Kampuni yao ya kurekodi, Chrysalis, haikuona haja ya kuigharamia. Wanamuziki wakaingia mifukoni mwao.

Kwa fedha hizo Mulcahy alipiga sehemu ya picha mjini London, kisha akasafiri na kikosi kidogo hadi Vienna, Austria, akapiga picha mitaani na katika makaburi makuu ya mji huo. Aliitumia filamu halisi badala ya mkanda wa video, kisha akaweka mistari myeusi juu na chini ya picha ili mtazamaji aliyeketi nyumbani ajione kama yuko sinema. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya pili nchini Uingereza.

Mbinu ya mistari myeusi haikugharimu chochote, lakini ilibadili hadhi ya kazi nzima. Mwongozaji alikuwa akimwambia mtazamaji kwamba anachokiona ni filamu, si tangazo la kuuza santuri. Hapa tunamwona kijana ambaye macho yake yalikuwa yakiangalia mbali kuliko fungu alilopewa.

Mwaka huohuo aliongoza video ya "Bette Davis Eyes" ya mwimbaji Kim Carnes wa Marekani, wimbo uliokaa kileleni mwa chati ya nchi hiyo kwa jumla ya wiki 9, na pia "Planet Earth", kazi yake ya kwanza na vijana wa Birmingham walioitwa Duran Duran. Yote hayo yalikuwa yameshaanza kabla ya Agosti 1, 1981.

MTV inamkuta njiani

MTV ilipowashwa, ikiwa mali ya ubia wa kampuni za Warner na American Express, watazamaji wake wa usiku ule walikuwa ni wateja wa kebo wa sehemu za jimbo la New Jersey tu. Kituo kilikuwa na saa 24 za kujaza kila siku, na video chache za kuzijaza. Wanamuziki wengi wa Marekani hawakuwa nazo kabisa, kwa kuwa soko lao lilitegemea redio na maonyesho ya jukwaani. Waingereza na Waaustralia walikuwa nazo tele.

Hivyo kazi za Mulcahy na wenzake zikawa chakula cha kituo hicho. Yeye na waongozaji David Mallet na Brian Grant, pamoja na mtayarishaji Scott Millaney, walikuwa na kampuni yao mjini London iliyojulikana kwa herufi za kwanza za majina yao, MGMM. Kampuni hiyo ilikuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya video za muziki vya zama zile.

Nguvu ya mpango huo ilidhihirika kwa Duran Duran. Aprili 1982 Mulcahy alikwenda nao Sri Lanka, ambako alipiga picha za nyimbo "Hungry Like the Wolf", "Save a Prayer" na "Lonely in Your Nightmare". Mwezi uliofuata walikuwa Antigua, visiwa vya Karibi, kwa ajili ya "Rio". "Hungry Like the Wolf" haukushika katika redio za Marekani ulipotoka mara ya kwanza mwaka 1982. Ni baada ya video yake kuonyeshwa mara kwa mara MTV ndipo uliporudishwa sokoni, na mapema mwaka 1983 ukafika nafasi ya tatu ya chati ya nchi hiyo.

Kwa maneno mengine, picha ilikuwa imeilazimisha redio kubadili msimamo. Tangu hapo hakuna kampuni kubwa ya muziki iliyothubutu kutoa wimbo muhimu bila video.

Mwaka 1983 Mulcahy aliongoza "Total Eclipse of the Heart" ya Bonnie Tyler, iliyopigwa katika jengo la zamani la hospitali ya wagonjwa wa akili huko Surrey, na "I'm Still Standing" ya Elton John, iliyopigwa katika pwani ya kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1984 akaja na "The Wild Boys" ya Duran Duran, yenye majukwaa makubwa, moto na mitambo, kazi iliyotangaza wazi kwamba enzi ya pauni elfu chache ilikuwa imepita.

Upande wa pili wa shilingi

Sifa hizo zisitufumbe macho. Kuna mambo mawili ambayo mtazamaji wa Afrika Mashariki hana budi kuyaona katika historia hiyo.

La kwanza ni namna nchi za Kusini zilivyotumiwa. Katika video za Sri Lanka wenyeji wanaonekana, tembo wanaonekana, mwamba wa Sigiriya na magofu ya Polonnaruwa yanaonekana, lakini hakuna mwenyeji mwenye jina wala kisa. "Hungry Like the Wolf" inamwonyesha kijana wa Kizungu akimsaka mwanamke mweusi msituni mithili ya mwindaji na windo, huku mwanamke huyo akiwa amepakwa rangi usoni na kufanywa nusu mtu, nusu mnyama. Kilichouzwa kwa vijana wa Marekani kama burudani ya kisasa kilikuwa na harufu ya riwaya za wapelelezi wa enzi za ukoloni. Mulcahy hakuibuni taswira hiyo, lakini kipaji chake kiliipamba na kuieneza, na wapigapicha wengi waliomfuata waliiga pamoja na makosa yake.

La pili ni rangi ya kituo chenyewe. Katika miaka yake miwili ya mwanzo MTV iliwaonyesha wasanii weusi kwa nadra sana, ikijitetea kwamba ni kituo cha muziki wa roki. Mwanamuziki Rick James alilalamika hadharani. Januari 1983 David Bowie, akihojiwa na kituo hichohicho, aliuliza kwa nini weusi hawaonekani. Ukuta ulianza kubomoka Machi 1983 baada ya video ya "Billie Jean" ya Michael Jackson, iliyoongozwa na Steve Barron, kuingia hewani.

Maana yake ni kwamba uwanja ambao Mulcahy aling'ara ndani yake haukuwa wazi kwa wote. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Lakini pia alikuwa akiwapiga picha wasanii ambao mlango haukufungwa mbele yao. Mwongozaji mwenye kipaji kilekile aliyefanya kazi na wanamuziki weusi wa Detroit au New York mwaka 1981 hakuwa na mahali pa kuipeleka kazi yake katika kituo hicho.

Nani alilipwa?

Sasa tugeukie suala la fedha na haki, ambalo kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndilo zito kuliko yote.

MTV ilipoanza, ilizipata video bure. Kampuni za kurekodi zilizitoa kama matangazo. Zilipoona kituo kinatajirika, zilibadili mawazo. Mwaka 1984 MTV ilianza kuingia mikataba ya kuzilipa kampuni kubwa ili ipate video zao kabla ya wengine. Mwaka huohuo nchini Uingereza kampuni za kurekodi ziliunda chombo chao, Video Performance Limited, cha kukusanya malipo kutoka kwa vituo vinavyorusha video.

Katika mapatano hayo mwongozaji hakuwa na kiti mezani. Kwa desturi ya biashara hiyo, video ilikuwa mali ya kampuni iliyoigharamia. Mwongozaji alilipwa ada yake mara moja, akapeana mkono na wateja wake, akaondoka. Video ikirushwa mara moja au mara elfu kumi, kwake lilikuwa jambo moja. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimhesabu mtayarishaji, yaani aliyepanga na kusimamia utengenezaji, kuwa ndiye mwenye filamu. Ni kwa filamu zilizotengenezwa kuanzia Julai 1, 1994 tu ndipo sheria hiyo inapomtambua mwongozaji mkuu kama mtunzi mwenza. Kazi zote tulizozitaja hapo juu zilitengenezwa kabla ya tarehe hiyo.

Hata jina halikuonekana. MTV iliandika kwenye kona ya picha jina la msanii, wimbo, albamu na kampuni ya kurekodi. Jina la mwongozaji lilianza kuongezwa mwaka 1992 pekee, zaidi ya miaka kumi tangu kituo kifunguliwe kwa kazi ya Mulcahy. Ni kweli kwamba mwaka 1985 kituo hicho kilimpa yeye, pamoja na David Byrne, Kevin Godley na Lol Creme, tuzo ya heshima ya waanzilishi. Lakini heshima ya usiku mmoja na haki ya kila siku ni vitu viwili tofauti.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika biashara hii aliyechumia juani alikuwa mmoja, na waliolia kivulini walikuwa wengine.

Pengine hiyo ni sehemu ya sababu iliyomfanya Mulcahy, kama wengi wa kizazi chake, kuitazama sinema kama njia ya kutokea. Mwaka 1984 alitoa "Razorback", filamu ya nguruwe mwitu mkubwa anayetisha watu katika nyika za Australia. Mwaka 1986 ikaja "Highlander", kisa cha mashujaa wasiokufa wanaopigana kwa panga kupitia karne nyingi, ikisindikizwa na nyimbo za Queen. Haikufanya vizuri katika majumba ya sinema ya Marekani, lakini baadaye ilipata wapenzi wengi kupitia kanda za video na ikazaa filamu nyingine na mfululizo wa televisheni. Baadhi ya wahakiki waliilalamikia kwamba inafanana mno na video ya muziki. Miaka michache baadaye Hollywood nzima ilikuwa ikifanana na video ya muziki.

Somo lililobaki

Tukirejea kwenye chaneli zilizozimwa, yafaa tutenganishe kilichokufa na kilicho hai. Video ya muziki iko hai. Tangu YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005 zimetengenezwa video nyingi kuliko wakati wowote, na wasanii wa Bongo Flava wamefikisha kazi zao nchi ambazo MTV haikuwahi kuwapeleka. Ikumbukwe kwamba MTV ilipofunguliwa mwaka 1981 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, na ilisubiri hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa imeitangulia kwa miaka mingi. Leo kijana wa Temeke au wa Kayole anaweza kupiga picha asubuhi na kuionyesha dunia jioni.

Kinachotoweka ni kitu kingine: ngazi. Mulcahy alipanda daraja baada ya daraja, na katika kila daraja palikuwa na mtu wa kumlipa na mtu wa kumkosoa. Chumba cha habari kilimfundisha kukata. Kipindi cha televisheni ya taifa kilimpa soko dogo. Kampuni za kurekodi za London zilimpa soko kubwa zaidi. MTV ilimkuta akiwa fundi kamili na ikampa dunia. Ngazi hiyo ilikuwa na dhuluma zake, lakini ilikuwapo.

Kijana wa leo anaruka kutoka chini hadi juu kwa siku moja, na mara nyingi gharama za kujifunza anazibeba mwenyewe: kamera yake, taa zake, nauli zake. Akifanikiwa, jina lake huandikwa mwanzoni mwa video, jambo ambalo Mulcahy hakulipata kwa miaka mingi. Hata hivyo ukurasa unaoingiza fedha za matangazo ni wa msanii au wa kampuni yake, na makubaliano mengi kati ya msanii na mpigapicha bado ni ya mdomo. Kwa upande wa malipo, hali haijasogea mbali na ile ya London ya mwaka 1979.

Kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri mwekezaji kutoka nje. Vituo vya televisheni vya nyumbani, ambavyo hupiga video hizo kutwa nzima, vinaweza kuwa shule kwa kuwaajiri vijana hao katika vyumba vya uhariri, kama Channel Seven ilivyomwajiri Mulcahy. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mkataba wa kurasa mbili unaotaja nani anamiliki picha, nani anaruhusiwa kuziuza, na mwongozaji atapata nini video ikiendelea kuingiza fedha, hauzuiwi na sheria hiyo. Unazuiwa na mazoea, na aibu ya kudai mbele ya msanii mkubwa.

Mulcahy aliingia katika kazi hii wakati sheria zake zilikuwa hazijaandikwa, na walioziandika baadaye hawakumwita. Waongozaji wetu nao wako katika wakati wa namna hiyo, maana biashara ya video mtandaoni inaendelea kupangwa upya mwaka hadi mwaka. Bora wakae mezani sasa, kabla kalamu haijawekwa chini.